Nani Atampepea Hashima?

Nianze kwa kukiri kosa la kazini. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari nilisomesha Utendi wa Mwana Kupona mara nyingi kupita nilizoweza kuzihesabu, na kwa muda mrefu niliusomesha kwa njia moja. Niliandika ubaoni maudhui, nikaandika muundo, nikaandika nafasi ya mwanamke, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Matini yetu yalikuwa karatasi za stensili zilizofifia, nilizorithi kutoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maelezo yangu nayo yalikuwa ya urithi huo huo.

Siku moja, tulipofika mahali ambapo mama anamwelekeza binti jinsi ya kumtunza mume anapopumzika, kwamba asimwamshe, asipaze sauti, akae karibu na kumpepea, mwanafunzi mmoja wa kike alinyoosha mkono. Aliuliza: "Mwalimu, sasa huyo Hashima naye akichoka, nani atampepea yeye?"

Darasa lilicheka. Nami nilicheka kidogo, kisha nikasema kwamba swali hilo halitatokea katika mtihani. Tukaendelea na vina.

Nimestaafu sasa, na swali hilo limenirudia kwa namna ambayo sikuitarajia. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Naomba msomaji anivumilie nikirudi nyuma kwanza, kwa kuwa swali la yule binti haliwezi kujibiwa ila kwa kuijua nyumba ambamo utendi ule uliandikwa.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, naye alikuwa mke wake wa mwisho. Siyu ya zama hizo haikuwa kijiji cha pembeni kama wengi wetu tunavyodhani. Ulikuwa mji wa mafundi na wa wanachuoni: mji wa kazi za ngozi, mji wa waandishi walionakili misahafu kwa mkono kwa ustadi ambao hata leo nakala zao huhifadhiwa kama hazina. Ulikuwa pia mji mkaidi. Sayyid Said, aliyetawala kutoka Unguja na ambaye pwani kubwa ilikwisha kumtii, aliupelekea Siyu majeshi katika miaka ya 1840, nayo yakashindwa vibaya. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856 mji wake ukiwa bado haujavunjika mgongo. Mwaka huo huo Sayyid Said naye akafa baharini akirejea kutoka Maskati. Baada ya miaka michache Siyu ikaangukia chini ya Sayyid Majid, mwanawe.

Kati ya kifo cha mume na kuanguka kwa mji ndipo ulipoandikwa utendi. Tarehe yake ni 1275 Hijria, yaani 1858. Mwandishi ni mjane wa miaka miwili, na ni mgonjwa. Mwanzoni kabisa anamweleza binti yake kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, na katika mwaka huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Kisha anamwita asogee karibu, aje na wino na karatasi. Binti huyo, Mwana Hashima, husemekana alikuwa na umri wa miaka kama kumi na saba.

Naomba tuitazame picha hiyo kabla ya kukimbilia maudhui. Chumba cha mgonjwa. Mama amelala au ameegemea. Msichana amekaa mbele yake na kalamu. Nje kuna mji ambao hatima yake haijulikani. Mama huyo angeweza kuandika juu ya vita, kwa maana watu wa nyumba yake walikuwa watu wa vita. Angeweza kuandika juu ya urithi, au juu ya maadui. Ameandika beti mia moja na mbili juu ya jinsi ya kuishi na watu vizuri.

Mengi ya hayo ni mambo madogo madogo. Msichana awe na ulimi wa adabu. Awe mchangamfu, azungumze na watu kwa maneno yasiyo na hila, wala asitamke la kumtia mwenzake uchungu. Afahamu kwamba mja anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Hiyo ya tano ndiyo iliyoupa utendi sifa yake yote, njema na mbaya. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina lililotangaza kwamba ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Mwana Kupona mwenyewe hakulijua jina hilo. Lakini majina ya vitabu yana nguvu, na nadhani karatasi zangu za stensili, bila ya kujua, zilikuwa wajukuu wa jina lile. Sisi walimu tuliusoma utendi kama kanuni za ndoa, na waliotuhoji waliupinga kama kanuni za ndoa. Yale mengine, mama mgonjwa na wino na karatasi, tuliyaita "usuli" na kuyapa mistari mitatu.

Katika sehemu hiyo ya mume kuna tashbihi moja niliyokuwa nikiwapa wanafunzi kama mfano wa tamathali za usemi. Mwana Kupona anamwambia binti amtunze mumewe kama mtoto ambaye bado hajajua kusema. "Tashbihi," nikiandika. "Inaonyesha upole." Alama mbili.

Miaka mitatu iliyopita mume wangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakamtoka. Mtu ambaye alikuwa akinisahihisha ngeli za nomino mezani, kwa mzaha lakini bila ya kukosea, akawa na sauti mbili tu: moja ya kukubali na moja ya kukataa, na mara nyingine nilizichanganya. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Usiku wa joto umeme ulipokatika nilikaa kitandani pake na upepeo wa ukindu. Ilikuwa katika usiku wa namna hiyo nilipogundua kwamba tashbihi ile ilikuwa imenitokea, sasa bila ya neno "kama".

Nilijitahidi kuwa mke wa utendi. Nasema hivyo bila ya kejeli. Nilikuwa na imani, niliyoipata nyumbani na kuitia nguvu kwa kusomesha, kwamba wema una chemchemi isiyokauka: ukitoa, unaongezewa. Methali zetu zasema wema hauozi, na zasema tenda wema nenda zako. Ndugu zake walipotaka kuja kunipokea zamu niliwashukuru, nikawaambia naweza. Watoto wetu walipopiga simu niliwaambia naweza. Wanawake wa jumuiya walikuja na uji, nikaupokea mlangoni. Hata usingizi niliuhesabu kuwa ni wizi: kila saa niliyolala niliona nimemwibia mgonjwa.

Hapa naomba nafasi ya kuzungumza kama mwalimu wa sarufi, maana ndiyo njia niliyoitumia kujielewa. Kiswahili kina kiambishi kidogo, *ji*, kinachokigeuza kitendo kimrudie mtendaji. Chukua daftari uorodheshe vitenzi vyake. Utapata kujisifu, kujivuna, kujikweza, kujidai, kujitapa, kujiona. Utapata kujipenda, neno ambalo katika kinywa cha wazee wangu lilikuwa shutuma: "fulani anajipenda" maana yake hafai kwa jirani. Zipo njema pia, kujistahi na kujisitiri na kujitunza, lakini katika njema hizo nyingi mtu anajizuia au anajifunika. Ni chache ambamo anajipa kitu. Na methali zimekaa upande huo huo. Kinyozi hajinyoi, nasi huongeza kwamba akijinyoa hujikata. Mganga hajigangi. Tumeyasema hayo kama ukweli wa kawaida tu, kama kusema mvua hunyesha. Sikumbuki darasani hata mara moja kuuliza: basi kinyozi hunyolewa na nani? Maana methali haisemi kwamba kinyozi abaki na nywele.

Ushairi wetu mkongwe, inapofika mtu azungumze na nafsi yake, huzungumza kwa ukali. Mfano mkubwa ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, naye ni wa Pate hiyo hiyo, kizazi kimoja au viwili kabla ya Mwana Kupona. Anauita moyo wake na kuukaripia: kwa nini hauzinduki, kwa nini unadanganywa na dunia, hauoni majumba ya Pate yalivyokuwa na taa na vyombo vya kaure katika zidaka, na sasa yamekuwa makao ya popo na buibui? Ni kazi kubwa, sina la kuipunguzia. Lakini nilipokuwa nikikaa macho usiku, sauti niliyokuwa nikijisemesha nayo ndiyo hiyo. Moyo, huoni haya? Mwenzio amelala kama gogo nawe unataka kulala?

Rudi sasa kwa Mwana Kupona. Yeye pia ni wa kisiwa kile, na mji wake nao unaelekea kuanguka. Ana haki zote za kujikaripia na kumkaripia bintiye. Hafanyi hivyo. Katikati ya nasaha, baada ya kumaliza orodha yake ya mambo ya mume, anaacha kufundisha na kuanza kusimulia. Anamweleza Hashima jinsi yeye na baba yake walivyokaa: kwa furaha, kwa kicheko, bila ya siku moja ya ugomvi, hata mauti yalipomjia yule bwana akamkariria radhi yake. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba huo ni "ushahidi wa kuimarisha hoja". Labda. Lakini ushahidi haukuhitaji kuwa mrefu namna ile wala mtamu namna ile. Anayesema ni mjane aliyelala mwaka mzima, na kwa beti kadhaa anajiruhusu kuketi tena nyumbani mwake, mumewe yu hai, wanacheka. Naona pale ameweka kalamu ya mwalimu chini na kujipa kitu. Wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Kuna jambo jingine. Anamwagiza binti asiache kujipamba: asitoe pete vidoleni, asiache kutia hina, asiache wanja machoni. Tahadhari hapa. Sitaki kumvisha Mwana Kupona nguo za zama zetu. Kujipamba kule, kwa maneno yake mwenyewe, ni kwa ajili ya mume na kwa heshima ya nyumba. Hata hivyo, lahaja yake yaniambia kitu. Katika Kiamu na lahaja jirani zake kiambishi cha kujirejea ni *i* pale ambapo sisi wa bara na wa kusini tunasema *ji*. Kuipamba, kuitunda. Mara nyingi ninapouona utendi ule naona *i* hiyo ikirudi rudi, binti akielekezwa mikono yake mwenyewe kwa mwili wake mwenyewe, na haina harufu ya shutuma iliyomo katika "fulani anajipenda". Kwa mama yule mwili wa bintiye ulikuwa miongoni mwa vitu vya kutendewa vyema.

(Na msomaji wa vina atanikumbusha kwamba kila ubeti wa utendi ule unaishia kwa sauti ile ile, *-ia* au *-ya*, ambayo katika vitenzi vyetu mara nyingi ni alama ya kutendea, yaani kufanya kwa ajili ya mtu. Nimelifikiria. Lakini tendi nyingine nyingi zina kina hicho hicho, hata za vita, kwa hiyo sitajenga nyumba juu yake.)

Nimefika sasa mahali pagumu, ambapo jibu la swali la mwanafunzi wangu lipo, nami nililipita kwa miaka mingi. Nani atampepea Hashima? Utendi wenyewe unajibu, bila ya kukusudia. Katika nasaha zake za mwanzo Mwana Kupona anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa, isipokuwa wakati wa kazi. Basi walikuwepo. Walikuwa katika nyumba ile, pengine katika chumba kile kile cha wino na karatasi, au mlangoni wakingoja. Aliyemgeuza mgonjwa kitandani kwa mwaka mzima, aliyechota maji, aliyefua, nani? Binti wa mtawala wa Siyu alikuwa na nafasi ya kumpepea mume kwa sababu mwingine alikuwa jikoni. Na alipochoka yeye, mwingine alimpepea. Mtu huyo hakuandikiwa utendi, na ndani ya utendi huu ametajwa ili aepukwe.

Nilipolisoma hilo upya, usiku, nikiwa na kitabu mkono mmoja na upepeo mkono wa pili, niliinua macho. Mkekani, karibu na mlango, alikuwa amelala binti anayenisaidia kazi za nyumbani.

Katika yote niliyoyaandika hapo juu, msomaji, kuhusu kulisha na kugeuza na kukesha, sikumtaja. Rudi uangalie. Nimesema nililisha, niligeuza, nilikaa. Sikusema uongo, lakini mume wangu ni mtu mrefu, nami ni mwanamke mwenye miaka sitini na zaidi. Sikuweza kumgeuza peke yangu hata siku moja. Binti huyu alishika mabega, mimi nikashika miguu. Alifua mashuka kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Nilipowaambia watu "naweza", nilikuwa na mikono minne. Na kwa kuwa nilijinyima usingizi, ukali niliojisemesha nao ulitafuta pa kutokea, ukampata yeye. Siku moja alichelewa na maji ya moto kidogo tu. Nilimpigia kelele kwa maneno ambayo sitayaandika, mbele ya mgonjwa. Mume wangu akatoa ile sauti yake ya kukataa. Sikuikosea safari hiyo.

Niliendelea hivyo hivyo, kwa aibu zaidi na usingizi mdogo zaidi, mpaka presha ikaniangusha jikoni. Daktari wa zamu hakuwa na subira na mashujaa. Aliniuliza nani anamtunza mgonjwa nikiwa nimelazwa. Nikamwambia ndugu zake wamekuja. "Kumbe wapo," akasema, akaandika.

Siku nne za wodini zilikuwa siku nne za kulala. Niliporudi nilimkuta mume wangu amenyolewa ndevu na mdogo wake, tena vizuri kuliko nilivyokuwa nikimnyoa mimi, na wifi zangu wamegawana zamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye jokofu. Jina langu lilikuwemo mara mbili kwa siku. Nafasi nyingine zilikuwa na majina ya watu. Nilijihisi, kwa dakika chache, nimeporwa. Kisha wifi mkubwa akanikalisha uani, akachukua mikono yangu bila ya kuniuliza akaanza kuitia hina. Sikuwa nimetia hina tangu kiharusi. Niliona haya kujipamba katika nyumba ya mgonjwa. Mume wangu alipoiona alinishika vidole kwa mkono wake wa kushoto akaitazama muda mrefu.

Sisemi kwamba Mwana Kupona aliyajua haya yote. Historia haituruhusu kumtia mtu maneno kinywani. Tunalojua ni kwamba alifariki katika miaka ya 1860, na kwamba utendi wake ulinakiliwa na kukaririwa na wanawake wa Lamu na visiwa vyake mpaka ukafika kwetu. Desturi ya kumwandikia mtoto nasaha nayo haikukoma. Shaaban Robert, ambaye naye alifiwa na mkewe Amina na kumlilia kwa shairi, alimwandikia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati na mwanawe Hussein Utenzi wa Adili. Na katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968 baada ya yeye mwenyewe kuaga dunia, alimchora mtu anayeacha kazi ya mshahara mnono mjini akaenda kulima kijijini ili aishi kwa amani na jirani zake. Niliwahi kukifundisha kitabu hicho pia, nikamwita Utubora "mhusika bapa". Kwa umri nilionao ningemfutia alama hiyo. Kuondoka mahali panapokumaliza kunataka ushujaa wa namna yake, na Shaaban, karani wa serikali kwa muda mrefu wa maisha yake, alijua alichokuwa akikiandika.

Lakini katika safu hiyo ndefu ya wazazi na watoto bado namtafuta yule wa mlangoni. Wazee wetu walitupa nasaha za mama kwa binti, za baba kwa mwana, za mshairi kwa moyo wake. Nasaha ya bibi mwenye nyumba kwa nafsi yake kuhusu aliyeshika mabega ya mgonjwa, hiyo sijaisoma. Ningependa mmoja wenu wenye kalamu bora kuliko yangu aitunge. Mimi nimejaribu, na nimekwama ubeti wa tatu, kwa sababu kila nikianza najikuta nikimwagiza kazi.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mtu mzima, na sijui aliko. Ikiwa anasoma hapa, nataka ajue kwamba swali lake lilistahili kipindi kizima, na kwamba mwalimu wake alilicheka kwa kuwa hakuwa na jibu.

Mume wangu anaendelea. Ana maneno kama kumi na mawili, na mojawapo ni jina langu, ingawa hulitamka bila ya silabi ya mwisho. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku wa joto kali. Zamu ilikuwa yangu, nami nililala kitini, jambo ambalo zamani nisingejisamehe. Niliamka kwa sababu ya upepo usoni. Katika giza nilidhani ni yeye, kwa mkono wake mzima, na moyo wangu ukaruka. Alikuwa ni yule binti. Alikuwa amesimama katikati yetu sisi wawili, akiupeleka upepeo kwa mgonjwa, kisha kwangu, kisha kwa mgonjwa.

Nilimwuliza amesimama tangu saa ngapi. Akasema, "Si muda, mama."

Niliutoa upepeo mkononi mwake nikamwambia aketi kwenye kiti. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaketi, akaupeleka uso wake mbele kidogo, akafumba macho.